Sura ya Sita: Njia Iliyofutwa

Asubuhi ile Baba alirudi kutoka bondeni akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu Mama atutoke. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akaomba chai, akaimaliza, akaomba nyingine. Halafu akamwita kaka yangu Dena na kumwambia asogee karibu.

Dena alikuwa hajaambiwa asogee karibu kwa muda mrefu. Tangu aokoke na kuanza kuhubiri kule Malindi, yeye na Baba walisalimiana tu na kuulizana habari za mvua. Walikuwa wamekosana juu ya koma, mizimu ya wazee wetu. Kwetu Wagiriama, mzee akifa na miaka ikapita, wanawe humsimikia kigingi cha mti mgumu. Siku wanapotaka kumkumbuka hukifunga kitambaa, wakamtaja jina, wakamwambia lililowaleta. Dena alisema dini yake haimruhusu tena kufunga kitambaa. Baba alisema hatamlazimisha. Basi wakabaki na mvua.

"Nimekiona," Baba alimwambia.

"Umeona nini, Baba?"

"Kitambaa. Kwa babu yako Mwaringa. Chekundu, kipya, kimefungwa vizuri." Akamwekea mkono begani. "Sikuulizi ulimwambia nini. Nataka tu kusema asante."

Dena alinitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya chai. Najua alitamani kunyamaza. Mkono ule wa Baba begani mwake alikuwa ameungoja sana. Lakini Dena hakujua kusema uongo hata alipokuwa mtoto na uongo ungemwokoa na fimbo.

"Baba, si mimi," alisema.

Baba aliuondoa mkono polepole. Mimi sufuria ilikuwa ikiniunguza vidole na sikuweza kuiweka chini, kwa sababu kitambaa chekundu nilikijua. Nilikuwa nimekichana kwa meno yangu, nikicheka, nikiwa nimeketi na Mutuku juu ya gogo.

Naomba nimweleze Mutuku kidogo, maana asubuhi ile hakuwepo kujieleza.

Alikuwa Mkamba wa Kibwezi, mrefu, mwenye sauti ya chini, mikono mikubwa iliyojaa makovu ya miiba. Kikundi chetu cha bonde ndicho kilichomwita aje kutuchongea njia kando ya mto Sabaki, njia za watu wanaopenda kutembea na za wale wanaoendesha baiskeli za milimani, zile za matairi mapana. Wageni walikuwa wakitoka kwenye hoteli za Bofa na za Malindi wakiuliza kama kuna mahali pa kupita, nasi tulikuwa na bonde zima ambalo ni mbuzi tu waliolijua. Mimi nilipewa kazi ya kuwaongoza wageni na kuwakodisha baiskeli. Yeye alipewa panga, sururu, reki na vijana wachache wa kumsaidia.

Siku ya kwanza nilidhani ni mpuuzi. Jua kali, naye anamwaga maji ya chupa yake ardhini, anachuchumaa na kuyatazama. Nilimuuliza kama ameona kitu kimezama mle. Akaniambia anayauliza maji yanataka kwenda wapi, ili njia yake isiwazuie. Njia inayozuia maji, alisema, mvua moja tu inaigeuza kuwa mtaro. Nilimcheka. Mvua zilipokuja, njia ya zamani ya kwenda kisimani ikawa mtaro kama alivyosema, na zake zikabaki zimelala mlimani kama zilizochorwa.

Ni yeye aliyenifundisha kuendesha baiskeli mahali penye mteremko. Njia ya Ukingo inaanzia juu, kwenye ardhi nyekundu, inajipinda chini ya mikwaju, kisha ghafla miti inaachia na unaliona bonde lote. Mto una rangi ya chai ya maziwa. Viboko wamelala kama mawe, na ndege walanyuki wanaingia na kutoka kwenye matundu yao ukingoni. Nilikuwa nimezaliwa hapo. Nilikuwa nimechota maji hapo maisha yangu yote. Sikuwahi kujua kwamba ni pazuri mpaka mtu wa mbali alipokata njia iliyonisimamisha mahali hasa pa kutazama. Nilishika breki zote mbili nikasimama. Nilipogeuka kumwambia, nikakuta yeye hatazami mto. Alikuwa akinitazama mimi.

Basi huyo ndiye Mutuku. Na kazi yake ilikuwa hivi: kabla ya kuchimba hata pigo moja la sururu, hupita kichakani akifunga alama kwenye miti na vijiti, ili aione njia kabla haijakuwa njia. Wengine hutumia utepe wa plastiki. Wa kwetu uliliwa na mbuzi wa Baba. Ndiyo maana tukanunua kitambaa chekundu Malindi, tukakichana vipande vyembamba, tukikaa juu ya gogo magoti yetu yakigusana, tukipanga maneno ya harusi. Ndugu zake walikuwa waje mwisho wa mwezi kuleta mnazi wa posa, pombe ya kuniombea. Baba alikuwa amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Zaidi ya Dena, Baba hakuwa amemwonyesha mtu yeyote vigingi vya koma vilipo. Miaka ya nyuma wezi walikuwa wakiving'oa vya watu na kwenda kuviuza kama vinyago, kwa hiyo alivificha kwa kunyamaza. Hata mimi binti yake sikuvijua. Mutuku angevijuaje?

Alikuja mchana ule mwenyewe, bila kuitwa na Baba, akiisukuma baiskeli. Nilikuwa nimempigia simu. Shangazi Sidi, dadake Baba, alikuwa ameshafika na kuketi kivulini, kwa maana Shangazi hunusa ugomvi kutoka ng'ambo ya mto. Mutuku aliwaamkia wote wawili shikamoo. Baba aliitikia marahaba bila kuinua macho, akamuuliza kama ni yeye aliyefunga kitambaa kwenye kigingi, kule kichaka cha juu.

"Ni mimi, Mzee."

"Ulikifunga kwa sababu gani?"

Mutuku alieleza taratibu. Alikuwa akitafuta mahali pa kuiendeleza njia mpya ya kichaka cha juu, ambayo wageni walikuwa wameanza kuipita. Akakuta vijiti vizee vimesimama kwa mstari, vina vitambaa vilivyopauka, na mstari wenyewe ulifuata mlima vizuri, haupandi sana wala haushuki sana.

"Nilidhani kuna fundi wa njia aliyepita kabla yangu," alisema. "Nilifurahi, Mzee. Nilisema, mtu huyu alikuwa na jicho. Nikafuata alama zake, nikaongeza yangu."

Shangazi Sidi aliziba mdomo kwa leso. Sijui kama alikuwa akicheka au akilia.

"Fundi," Baba alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Fundi huyo ni baba yangu. Na wa pili ni baba yake."

Nilimwona Mutuku akielewa. Ilikuwa kama kumtazama mtu akishuka ngazi gizani na kukuta ngazi moja haipo. Alipiga goti pale pale kwenye vumbi na kuomba radhi, kwa maneno machache, bila kujitetea. Baba alimwacha amalize.

"Wewe hukujua," Baba alisema. "Kwa kutojua nimekusamehe. Lakini leo asubuhi ulinipa mwanangu, na kabla chai haijapoa ukamchukua. Hilo sijui nilisamehe vipi. Nikikuona nitalikumbuka kila siku." Akasimama. "Waambie ndugu zako wasije na mnazi. Sitaunywa."

Akaingia ndani. Shangazi ndiye aliyebaki na la kusema, na alikuwa nalo tangu zamani. Alisema Malindi imejaa vijana wa Kigiriama wenye adabu. Alisema Mkamba huyu angenilisha mahindi ya kukoboa mpaka meno yaishe, halafu anizike Kibwezi ambako hakuna hata mnazi mmoja wa kunililia. Mutuku alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ahsante Shangazi, akaondoka akisukuma baiskeli, asiipande.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kwenye Njia ya Ukingo, pale miti inapoachia. Nilikuwa nimekwisha kulia njiani, kwa hiyo nilipofika nilikuwa na hasira tu. Nikamwambia twende Kibwezi kesho, na Baba atapoa akishaona mjukuu.

"Nikuchukue hivyo tu?" aliuliza. "Kama baiskeli ya kukodi?"

"Baiskeli ya kukodi hurudishwa. Mimi usinirudishe."

Alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. Alinishika mkono, akauweka juu ya goti lake, akautazama muda mrefu kama anayetafuta njia ndani yake.

"Kahaso, nikiondoka na wewe leo, babako atakuwa amepoteza watoto wawili kwa siku moja. Mimi ndiye nitakuwa nimewachukua wote."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Nimesema nakuacha? Kuna kazi kwanza. Ile njia ni lazima ife."

Sikumwelewa. Njia ile ya kichaka cha juu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kukata. Wageni waliokwisha kuipita walikuwa wakiwatuma wenzao, na Nelly, mwenyekiti wa kikundi chetu, alikuwa akijivunia picha zake. Nelly alipoambiwa alipandisha sauti, akasema kibao kiwekwe tu, watu waambiwe wapite kwa heshima. Mutuku alimjibu kwamba heshima ya kibao inamwonyesha mwizi mahali pa kuja na gari. Akaahidi kukata njia nyingine upande wa mawe, kwa mikono yake, bila kuomba msaidizi. Nelly ni mwanamke mwenye moyo. Alimpa sururu mpya.

Nimeona watu wengi wakitengeneza kitu. Sijamwona mwingine anayejua kukifuta. Alianza kwa kuilegeza ardhi iliyoshindiliwa na matairi, hatua kwa hatua, mpaka ikawa laini kama shamba. Aling'oa vichaka vidogo na mizizi yake kutoka mahali vilipobanana na kuvipanda katikati ya njia, akivimwagilia maji aliyoyapandisha mwenyewe kutoka mtoni. Alilaza magogo makavu, lakini si kwa kupanga; aliyaacha yaonekane yameanguka. Mahali njia ilipoanzia alikata mgunga wenye miiba na kuulaza hivi kwamba ungeapa ni upepo. Kisha akatawanya majani makavu kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku. Jioni alirudi nyuma, akachuchumaa, akatazama. Palipokuwa na dalili, alirudia.

Baba alikuwa akimwona akipita na ndoo. Kila asubuhi Mutuku alisimama mbali, akasema shikamoo Mzee. Kila asubuhi Baba alisema marahaba. Haikuzidi hapo. Mimi na Mutuku tulitazamana tu kwenye kibanda cha baiskeli, mbele ya wageni, na nilijifunza kwamba mtu anaweza kukuambia mambo mengi akikukabidhi pampu ya tairi.

Mvua za vuli zikaja, nyasi zikaota. Wageni wakaanza kuzoea njia mpya ya mawe, ngumu, ya kuwatoa jasho. Ndugu za Mutuku walimpigia simu wakamwambia arudi nyumbani, wasichana wapo hata Kibwezi. Nami nilianza kuamka na hofu. Kazi yake ya kufuta ilikuwa imekwisha, na hakuwa na sababu nyingine ya kubaki bondeni ila mimi, na mimi sikuwa wa kupewa.

Ndipo siku moja Baba alirudi nyumbani akiwa na mikwaruzo mikononi, shati limechanika, kofia imejaa mbegu za nyasi. Alitupa bakora chini.

"Mwiteni yule Mkamba."

Dena alikuwepo. Aliuliza kama Baba ameumia.

"Nimezunguka tangu jua linatoka," Baba alisema. "Kwenye ardhi yangu mwenyewe. Nimemtafuta baba yangu kama mbuzi aliyepotea, sikumwona. Kila nikishika upande nakuta kichaka ambacho hakikuwepo. Huyu kijana amefuta mpaka njia yangu ya miguu ya tangu ujana."

Dena alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akicheka kwenye kiganja, mpaka akakohoa. Mimi nilijikaza nisicheke, nikampigia Mutuku simu.

Mutuku alikuja mbio. Baba alimwambia atangulie mbele, na akaniambia nami niende, kwa sababu mambo haya yote yalikuwa yangu. Tulipanda kimya. Mutuku hakukata hata tawi. Alipita kati ya vichaka kwa kupinda tu mwili, huku akimshikia Baba matawi yasimchape usoni, na hatukuacha alama nyuma yetu. Kisha akasimama.

"Ni hapo mbele, Mzee. Mimi nitangoja hapa."

"Umeshafika zamani bila kualikwa," Baba alisema. "Leo nakualika. Twende."

Vilikuwa vigingi vifupi, vya kijivu, vimechongwa pembetatu ndogo ndogo ambazo mvua ilikuwa imezila. Nilijikuta nimevua viatu. Vitambaa vya zamani vilikuwa vimebaki nyuzi tu. Kile chekundu kilikuwa kimepauka, lakini fundo lake lilikuwa bado limekaza. Mutuku alimuuliza Baba kwa sauti ya chini kama anamruhusu akifungue.

"Cha koma hakifunguliwi. Kinadondoka chenyewe siku yake ikifika." Baba aliketi chini, akanyoosha goti linalomsumbua. "Shida si kwamba ulifunga. Ulifunga ukanyamaza. Mzee yuko hapa miezi hii yote anajiuliza, huyu ni nani, na anataka nini kwangu. Si adabu. Mwambie."

Mutuku alimgeukia. "Kwa lugha gani, Mzee? Kigiriama changu kibaya."

"Alikuwa akipeleka ng'ombe Mtito, kwa Wakamba, mimi nikiwa kijana, tunapandisha na mto huu huu. Kikamba anakisikia vizuri. Sema."

Mutuku alipiga magoti mbele ya kigingi cha babu yangu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu, mwenye masikio mazito kidogo. Sikuelewa neno hata moja. Nilisikia jina lake, na la babake, na la Kibwezi. Kisha nikasikia jina langu. Akalisema tena, baadaye kidogo, kwa namna nyingine, polepole, kama aliyefika mahali pa mteremko. Halafu akaendelea mpaka mwisho.

Nilimgeukia Baba. Nilikumbuka kwamba alikuwa kijana wa safari hizo za ng'ombe, na kwamba masikio yake yalikuwa yameelewa kila kitu. Alikuwa akitazama mto.

"Amesema nini, Baba?"

"Muulize mwenyewe ukishaolewa," Baba alisema. Akamnyooshea Mutuku mkono amwinue. "Mzee amesikia. Sasa niletee mnazi, na mimi nisikie."

Waliuleta. Ndugu zake watatu walitoka Kibwezi wamevaa koti kwenye joto letu, na Shangazi Sidi akawapokea kwa vigelegele kana kwamba ndiye aliyemtafuta mkwe. Mtungi ulibebwa na Dena, yule ambaye haonji, kutoka barabarani hadi uani, akautua mbele ya Baba kwa mikono miwili. Baba akamwambia asogee karibu, aketi. Dena akaketi.

Kwetu baba hanywi mnazi wa posa mpaka amuulize binti mbele ya watu, kwani akinywa ndiyo amekwisha kumtoa. Usiku uliotangulia Shangazi alikuwa amenifunza. Niinamishe kichwa. Nikiulizwa, ninyamaze. Nikiulizwa tena, nitazame chini na kuchezea leso. Nisijibu mpaka wazee waanze kuwa na wasiwasi, maana msichana anayejibu haraka anaonekana amechoka na kwao.

Niliitwa, nikapiga magoti. Nilimwona Mutuku amesimama nyuma ya ndugu zake, mikono yake mikubwa hajui pa kuiweka. Baba aliinua kata iliyojaa, povu likimwagika vidoleni mwake.

"Kahaso, mwanangu," alianza, "mnazi huu ulioletwa na hawa wageni, je, ninyw—"

"Kunywa, Baba."

Shangazi Sidi alijifunika uso kwa leso nzima. Ua lote likacheka, wageni wa Kibwezi wakapigana mabega, na Baba akacheka mpaka kata ikapungua nusu kwa kumwagika. Kilichobaki alikinywa chote, bila kupumzika, macho yake yakiwa kwangu.